Tupeane uzoefu: ulifika mahali maarufu, ukakuta sivyo ulivyosoma

Mzururaji: Wadau, jana mwanangu alikuwa anakariri kwamba jangwa ni mchanga na joto kali. Nikakumbuka Sahara, upande wa Moroko. Siku mbili nzima mawe na changarawe tu, kumbe mchanga ni kama robo ya jangwa lile. Usiku nililala na soksi mikononi. Nani mwingine alidanganywa na jiografia?

Kokoto: Mimi. Nilijua Kilimanjaro iko jirani na ikweta, nikabeba jaketi moja. Usiku wa kwenda kileleni maji yaliganda ndani ya chupa. Sitaki hata kuendelea.

Pweza: Na jangwa kubwa kuliko yote ni Antaktiki. Jangwa ni ukame, si joto.

Mzee wa Ramani: Tukiwa hapo hapo: kilele kilicho mbali zaidi na kitovu cha dunia si Everest, ni Chimborazo kule Ekuador. Dunia imevimba kwenye ikweta.

Kokoto: Umeanza. Mlima mrefu ni Everest, mita 8,849. Tumemaliza.

Mzee wa Ramani: Unapima kuanzia wapi? Mauna Kea wa Hawaii, toka sakafu ya bahari, unapita mita 10,000.

Kokoto: Basi upande kuanzia huko chini ya maji, utuletee picha.

Sizami: Acheni milima. Mimi nilikwenda chini kabisa, Bahari ya Chumvi, upande wa Jordan. Ufukwe wenyewe uko zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari. Nilikuwa na lengelenge lililopasuka kisiginoni. Kuingia tu, kisigino kikawaka moto. Nikavumilia, nikalala chali. Raha! Maji yanateleza kama mafuta, chumvi karibu mara 10 ya bahari, hata ukitaka kuzama huzami. Hapo ndipo kiburi kiliponiingia, nikajigeuza kifudifudi niogelee.

Jamani. Miguu ilichomoka juu kama kizibo, kichwa kikaenda chini. Napiga mikono, makalio juani, uso hautoki. Maji yakaingia macho yote mawili, na funda moja likapita kooni. Chungu, si chumvi ya kawaida ile. Nikajua nakufa maji kwenye maji yasiyozamisha. Mama mmoja, hata lugha yake siijui, akanishika bega akanipindua kama gogo.

Nikatoka sioni, nalilia bomba. Bomba liko juu huko! Maji yanashuka karibu mita 1 kila mwaka, kwa sababu mto Jordan unanyonywa kabla haujafika. Nilipandishwa mteremko ule nimefumba macho, nashikwa mkono kama bibi harusi.

Pweza: Makalio juani 😂😂 Pole sana mkuu.

Mzururaji: Mada yangu imetekwa, lakini sawa.

Dada Tulivu: Mkienda vaeni miwani ya kuogelea.

Sizami: Hapana dada, miwani itakupa kiburi cha kuingiza kichwa. Ingia kinyumenyume, kaa kama uko kitini, basi.

Kokoto: Na usinyoe siku mbili kabla. Nimeambiwa, sijajaribu.

Pweza: Mi naona dawa ni kubaki ufukweni na jaketi la Kokoto.

Mzee wa Ramani: Halafu ile si bahari. Ni ziwa.

Kokoto: Mzee, kalale.