Majirani Goba, Njia ya Mwembeni

ALHAMISI

Dada Jeni, 05:04
Za alfajiri majirani. Jana nimeshuka lami saa tatu na nusu usiku, naingia dukani kwa Mangi kuchukua mabuti yangu, nakuta buti moja la kijani la kushoto, na la kulia jeusi, kubwa kama mtumbwi. Nani ana la kwangu la kulia? Namba 40.

Mama Nasra, 05:06
😂😂😂 Jeni jamani, asubuhi yote hii

Dada Jeni, 05:06
Mama Nasra usicheke, nimepanda kilima kile nachechemea

Baba Kelvin, 05:21
Nisamehe jirani, itakuwa ni mimi. Kwa Mangi kulikuwa giza, nikapapasa nikavaa. Njia nzima nasikia mguu wa kulia unabana, nikajua ndo uzee, miguu inaanza kuvimba. Nimelirudisha leo saa kumi na moja kasoro. Lipo chini ya meza ya mkate.

Mjumbe, 05:40
Kwa kuwa mmeyataja mabuti wenyewe, nikumbushe mchango wa kifusi cha njia yetu. Nyumba 31, zilizotoa 12. Masika ndiyo kwanza yameanza.

Mama Nasra, 05:41
Mjumbe nilitoa

Mjumbe, 05:43
Wewe ulitoa. Nasema wale wanaosoma wakapita kimya.

*Mjumbe amemwongeza Mama Ilham Geti Jeusi*

Mjumbe, 07:15
Mkaribisheni mwenzetu, anaingia nyumba ya geti jeusi Jumamosi.

Mama Ilham Geti Jeusi, 07:22
Asanteni sana, habari zenu wote. Natokea Sinza. Nafanya kazi Posta, na binti yangu yuko darasa la pili. Kodi ya miezi sita nimeshalipa kwa hiyo hakuna kurudi nyuma 😅 lakini naomba mniambie ukweli, huko maisha yakoje? Dalali alinileta Jumapili saa nane mchana, barabara nyeupe, nikasema mbona karibu.

Baba Kelvin, 07:24
Jumapili saa nane 😂😂😂

Kaka Fundi Alumini, 07:25
Dalali anajua kazi yake huyo

Baba Kelvin, 07:38
Sikiliza dada yangu. Niko kwenye daladala hapa nimesimama, nakuandikia kwa mkono mmoja. Mimi kengele inalia saa kumi na robo. Bajaji mpaka lami ni jero kukiwa kukavu, ikinyesha ni buku, na zaidi ya hapo anakwambia ushuke ulipoishia utelezi. Pale lami unavua mabuti unamwachia Mangi, unavaa viatu vya kazini. Chini ya meza yake kuna jozi kama ishirini za mtaa huu. Usiweke alama ya kalamu, inafutika, funga kitambaa. Halafu gari la Mawasiliano. Ukifika kituoni baada ya saa kumi na moja na nusu kiti hupati, inabidi ushuke nyuma kidogo ukageuze nalo, maana yake unalipa mara mbili ili ukae. Mawasiliano unaunga la Posta. Siku njema safari nzima ni saa moja na nusu. Mvua ikinyesha usiangalie saa, utaumia roho bure.

Mama Ilham Geti Jeusi, 07:41
Kumbe. Na mwenye gari?

Baba Kelvin, 07:42
Ninalo. Linatoka wiki ya mshahara.

Kaka Fundi Alumini, 07:44
Mdogo wangu yuko Morogoro. Tangu treni ya umeme ianze 2024 anapanda kule anashuka Stesheni chini ya saa mbili. Mimi niliye Dar es Salaam hiihii nafika naye sawa. Juzi akaniuliza kaka, hivi nani kati yetu anaishi mkoani.

Dada Jeni, 07:46
😂😂 mwambie ni wewe

Mama Nasra, 08:05
Mama Ilham usiogope. Mimi nilikuwa Sinza pia, chumba na sebule, choo tunachangia familia nne, kufua kwa zamu. Hela ile ile nilijenga huku kidogo kidogo. Nilihamia haina plasta, madirisha nimeziba kwa maboksi, lakini kwangu. Wanangu wana pa kukimbilia. Gharama yake ndo hiyo unayoambiwa: Nasra naondoka amelala, narudi amelala. Gari la shule linampitia saa kumi na moja na robo, dada anamvalisha soksi akiwa bado amesinzia. Kuna siku aliniuliza kama na mimi huwa nalala hapa.

Mama Ilham Geti Jeusi, 08:07
Uwii 😢

Mama Ilham Geti Jeusi, 08:07
Na maji?

Mama Nasra, 08:09
Nunua tenki kabla ya kochi. Yakija yanakuja usiku wa manane, ukisikia bomba linakohoa amka ukakinge. La sivyo ni boza, na boza kilima hiki halipandi siku ya mvua.

Dada Jeni, 12:51
Nimepiga simu kwa Mangi, buti limeonekana. Asante Baba Kelvin. La kwako nitaliacha jioni.

Mzee Mwembeni, 13:10
Nimesoma yote. Miwani ilikuwa imepotea ndiyo maana nimechelewa.

Mama Nasra, 13:11
Shikamoo mzee

Dada Jeni, 13:11
Shikamoo babu

Mzee Mwembeni, 13:30
Marahaba wanangu. Mama Ilham karibu sana. Hawa wote waliokujibu ni watu wazima na wamesema kweli, ila wamekueleza habari za barabara. Umeuliza huku maisha yakoje, hilo hawawezi kukujibu kwa sababu hawapo. Mimi nilinunua hapa 2003, tukiwa bado tunahesabiwa Kinondoni, Wilaya ya Ubungo hata haijazaliwa. Yalikuwa mashamba ya mikorosho na minazi, na wenzangu kazini walinicheka, wakasema naenda kuishi na ngedere. Ngedere walikuwepo kweli. Nikaenda na kurudi mjini miaka 13 mpaka nilipostaafu. Siku ya kwanza ya kustaafu nimekaa barazani mpaka jua likatoka, ndipo nikajua kwamba jua la mtaa wetu linachomoza nyuma ya nyumba ya Kaka Fundi. Miaka 13 sikuwa nimeliona isipokuwa Jumapili, na Jumapili nilikuwa nalala.

Mzee Mwembeni, 13:41
Naendelea. Saa mbili asubuhi mtaa huu ni wa madada wa kazi. Wanaanika nguo na kuzungumza juu ya kuta, wanajuana wao kuliko mnavyojuana ninyi mabosi wao. Wana kikoba chao, mlijua? Saa nne anapita mama wa mchicha na matembele, yule mwenye sauti ya kwaya. Saa sita anapita fundi viatu anagonga kiboksi chake. Saa tisa watoto wa shule ya msingi wanashuka kilima, wanaingia uani kwa Mama Nasra wanapanda mpera.

Mama Nasra, 13:42
Wanapanda nini?

Mzee Mwembeni, 13:44
Mpera wako. Umezaa sana mwaka huu. Mapera mekundu ndani, matamu. Mimi nimeletewa mara tatu.

Mama Nasra, 13:45
Mzee ule mti nimeupanda mwenyewe 2019. Sijawahi kula pera lake hata moja!! Mimi huwa naona mabaki tu chini nikifagia Jumapili, nikajua ni popo

Kaka Fundi Alumini, 13:46
😂😂😂😂 popo wana sare za shule

Mzee Mwembeni, 13:49
Msiwafukuze watoto. Ni saa ya njaa hiyo. Na wewe Baba Kelvin, taa yako ya getini inawaka mchana na usiku tangu Jumatatu.

Baba Kelvin, 14:02
Duh. Asante mzee. Ndo maana Luku inaniishia, nikamgombeza dada kuhusu pasi. Nitamwomba radhi.

Mama Ilham Geti Jeusi, 14:15
Nimecheka mpaka wenzangu ofisini wananiangalia. Mzee, shikamoo. Binti yangu akirudi shule kabla yangu, nyumba ya geti jeusi inaonekana kutoka barazani kwako?

Mzee Mwembeni, 14:18
Marahaba. Naliona geti lote, na tenki la maji kwa juu. Mlete Jumamosi nimtambue sura.

Mjumbe, 14:20
Mzee amemaliza. Nyumba 31, zilizotoa bado 12.

Mama Ilham Geti Jeusi, 14:26
Nimetuma mjumbe, elfu ishirini. Angalia jina.

Mjumbe, 14:27
Nimeiona, asante sana. Mmemwona? Hajahamia na ameshatoa.

Dada Jeni, 14:27
13 hiyo

Baba Kelvin, 20:48
Huku Makongo foleni imekaza, mvua. Aliyeko mbele yangu anisubiri lami tuchangie bajaji.

Kaka Fundi Alumini, 20:50
Bajaji hazipandi leo. Ni mguu.

Dada Jeni, 21:12
Niko kwa Mangi na buti lako, Baba Kelvin. Safari hii kuna taa. Nakusubiri tupande pamoja, pale kwenye mfereji nina tochi lakini naogopa.

Baba Kelvin, 21:14
Dakika kumi, usiondoke.

Mama Nasra, 22:06
Nimefika. Nimetoka uani na tochi kabla hata ya kuvua mabuti. Yapo ya juu kabisa manne, chini wamemaliza.

Mama Nasra, 22:09
Nimelipata moja kwa fimbo ya fagio. Mekundu ndani kweli.

Mzee Mwembeni, 22:10
Lioshe kwanza.