Orodha ndefu kwenye tovuti: ikatwe kurasa, au iachwe ishuke tu?

MwashaTaa: Wakuu, tuseme una orodha ya shule 3,000. Kuna wanaoikata majina 20 kwa ukurasa, kuna wanaoiacha ijiongeze kila ukishuka. Mgeni mwenye simu ndogo na bando la kubana anafaidi ipi? Mimi nazikataa zote mbili. Weka majina yote ukurasa mmoja, juu herufi A hadi Z za kurukia.

Fundi_Kodi: Naunga mkono. 20 kwa ukurasa ni kurasa 150, nani ana kidole hicho? Na ile ya kujiongeza ni mateso: mawasiliano ya tovuti yapo chini kabisa, kila ukiyakaribia yanakimbia. Ukifungua shule moja kisha ukarudi nyuma, mara nyingi unaanza juu upya. Maandishi matupu yakibanwa kwa gzip (njia ya kupunguza uzito wa data) hayafiki uzito wa picha moja ya simu. Halafu Ctrl+F, ile ya kutafuta neno ndani ya ukurasa, inakubali.

BintiPwani: Ctrl+F kwenye simu iko wapi, kaka? Ninyi watu wa kompyuta! Na herufi zenu hizo: kila jina linaanza na "Shule ya Sekondari", kwa hiyo zote 3,000 zimelala kwenye S.

Fundi_Kodi: Kwenye Chrome ya Android, vidoti vitatu juu kulia, "Tafuta kwenye ukurasa". Usichokijua kiulizie.

Mzee_Jedwali: Dada kasema la S mmelipita kimya. Panga kwa jina lenyewe, "Sekondari" iende safu ya pili. Ila hizo Q na X za nini? Mtu anabofya, patupu. Onyesha herufi zenye majina tu. Na Ng' ipewe mlango wake.

Fundi_Kodi: Ng' mlango wake? Kamusi zinaiweka kwenye N, mzee.

Mzee_Jedwali: Kamusi si tovuti. Ng' ni sauti moja!

Fundi_Kodi: Sauti haipangi orodha.

BintiPwani: Mnagombania mlango, ufunguo hamna. Andika Murang'a kwenye kisanduku cha kutafutia, kwa iPhone: kibodi inaweka ’ iliyopinda (msimbo U+2019), orodha yako ina ' iliyonyooka (U+0027). Jibu: "Hakuna matokeo." Kabla ya kulinganisha, ondoa alama hizo, vistari na nafasi, geuza zote herufi ndogo. Pande zote mbili, alichoandika mtu na orodha yako, si upande mmoja. Hapo hata "taitataveta" inapatikana.

Mzee_Jedwali: Bado Ng' ni sauti moja.

MwashaTaa: Jamani, shule zangu? Haya, na mikoa 31 ya Tanzania je?

Fundi_Kodi: 31 haina haja ya kukatwa wala kutafutwa. Safu mbili, alfabeti, basi.

BintiPwani: Kaskazini Pemba, ambayo wengi wanaiita Pemba Kaskazini, unaiweka K au P?

Fundi_Kodi: Kisanduku cha kutafutia kikisoma neno lolote ndani ya jina, si la mwanzo tu, swali hilo halipo.

BintiPwani: Si umesema sasa hivi 31 hazitafutwi?