Luka 5:5 kwa mtu anayeishi kwa samaki: mstari unakuwaje wangu?

Mnunuzi_Kibirizi aliuliza:

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Ninaishi Kigoma, na riziki yangu inatokana na kununua dagaa na migebuka katika mwalo wa Kibirizi na kuwasafirisha hadi Tabora. Kwa sababu hiyo mstari wa Injili niliousikia mara nyingi kuliko mingine yote ni jibu la Simoni, ndiye Petro, kwa Yesu aliyemwambia ashushe nyavu, katika Luka 5:5: "Bwana mkubwa, tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu, lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu."

Nauliza kwa sababu mstari huu umenichosha kabla haujanifaa. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024 ili samaki wapate kuzaliana, nilihudhuria semina ambamo mhubiri mmoja, ambaye sitamtaja, aliwafundisha wafanyabiashara kwamba kushusha nyavu ni kukopa kwa imani na kuagiza mzigo mkubwa mara ziwa litakapofunguliwa. Jirani yangu wa biashara alimsikiliza, akakopa, na hadi leo anarejesha. Tangu wakati huo, kila yanaposomwa maneno yale namsikia yule mhubiri, simsikii Simoni.

Hata hivyo siwezi kuuacha mstari wenyewe. Nimewaona asubuhi wavuvi waliokesha na taa zao ziwani wakirudi na ndoo tupu, na najua nyuso zao zinavyokuwa. Je, ni halali mtu kuchukua sentensi moja ya Injili akaifanya kuwa yake, na kama ni halali, afanyeje ili asiigeuze kuwa ahadi ya mtaji? Naomba pia nisijibiwe tu kwamba nimwombe Roho Mtakatifu, kwa kuwa hilo ninalifanya tayari.

Katekista_Ujiji alijibu:

Milele amina, kaka. Mimi nadhani tatizo lako halikuanza kwa mhubiri kuuhusisha mstari na maisha ya watu, maana Injili imeandikwa ili ihusishwe na maisha ya watu. Lilianza pale alipokata simulizi katikati. Luka hakuandika mistari yenye namba. Namba tunazozitumia katika Agano Jipya ziliwekwa na mchapishaji Robert Estienne mwaka 1551, na zimetusaidia sana kutafuta mahali, lakini pia zimetuzoesha kuchomoa sentensi kama mtu anayechomoa kuni moja katika mtumba. Basi usiishie mstari wa 5. Soma mpaka wa 11, ambapo Luka anasema kwamba walipokwisha kuviegesha vyombo pwani, "wakaacha vyote wakamfuata."

Hebu litafakari hilo kama mtu wa mwaloni. Nyavu zimeanza kukatika, vyombo viwili vimejaa hata vinataka kuzama, na huo ndio mzigo ambao kila mnunuzi wa Kibirizi angeamka alfajiri kuugombania. Wao wanauacha pale pale pwani. Mtu anayeutumia mstari wa 5 kuahidi faida inambidi aufiche mstari wa 11, kwa sababu wenye faida wenyewe hawakuichukua.

Kuna jambo jingine ambalo nawaonyesha wakatekumeni wangu, yaani wanaojiandaa kubatizwa. Katika mzunguko wa masomo ya Kanisa Katoliki, simulizi hili husomwa Jumapili ya 5 ya Mwaka C, yaani mwaka wa tatu wa mzunguko wa miaka mitatu, na mara ya mwisho tulilisikia tarehe 9 Februari 2025. Somo la kwanza siku hiyo ni Isaya 6, nabii anayelia kwamba yeye ni mtu mwenye midomo michafu. La pili ni 1 Wakorintho 15, Paulo anayesema hastahili kuitwa mtume. Waliopanga masomo hayo waliliona shina la simulizi katika mstari wa 8, Simoni anapoanguka magotini pa Yesu na kusema, "Ondoka kwangu, kwa maana mimi ni mtu mwenye dhambi, Bwana." Samaki ndio waliomwangusha magotini, lakini habari yenyewe inamhusu yeye. Ukitaka mstari wa 5 uwe wako, sharti uwe tayari wa 8 nao uwe wako, na huo hauandikwi ubavuni mwa mtumbwi.

Dada_Isevya alijibu:

Bwana Yesu asifiwe, kaka yetu wa Kigoma. Ninaandika kutoka Tabora mjini, na bila shaka dagaa wako nimewahi kuwala. Nakubaliana na mwalimu katekista, ila naona amejibu jinsi ya kusoma na hajagusa sana jinsi mstari unavyomshika mtu.

Wangu ni Marko 9:24, yule baba mwenye mtoto anayeanguka motoni na majini: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Sikuuchagua. Mama yangu aliugua kwa muda mrefu, na watu wema waliokuja kutuombea walituletea mistari ya uponyaji ambayo niliikariri nao kwa adabu, lakini nilipobaki peke yangu usiku ni huu tu ulioweza kutoka kinywani bila kunifanya nijisikie mwongo. Mama alifariki. Ile mistari mingine ilinibidi niitafutie maelezo upya, na mingine bado sijaipatia. Huu haukuhitaji maelezo, kwa kuwa haukuwa umeniahidi matokeo. Ulikuwa umenipa namna ya kusema na Mungu nikiwa katika hali niliyokuwa nayo.

Baadaye nilianza kuyasoma yaliyoutangulia, na ndipo nilipoona kwamba baba huyo hakuanza vizuri hata kidogo. Mstari wa 22 anasema, "Lakini ukiweza neno lo lote, utuhurumie, na kutusaidia." Anasema "ukiweza" kwa Yesu mwenyewe! Tena hasemi "umhurumie". Anajihesabu pamoja na mtoto. Mtu aliyeuguza anaelewa hapo bila kufundishwa na mtu. Kwa hiyo mimi nilianza na sentensi moja iliyokatwa, nikaingia katika simulizi zima kupitia hiyo, na sioni kwamba nilikosea mlango.

Mzee_Urambo alijibu:

Wanangu, nimewasoma kwa makini. Mimi ni Mmoravian, nimelelewa katika desturi ya kupokea neno moja la Biblia kwa kila siku, iliyoanzishwa na Wamoravian wa Herrnhut huko Ujerumani karne ya 18, kwa hiyo siwezi kukaa kimya mstari mmoja unapotiliwa mashaka. Mwalimu wa Ujiji anataka simulizi lisomwe lote, na ni vema. Lakini je, amemsahau Antoni wa Misri, yule mtawa wa jangwani? Athanasi, askofu wa Aleksandria, anasimulia kwamba kijana huyo aliingia kanisani wakati inasomwa Mathayo 19:21, Yesu anapomwambia tajiri auze alivyo navyo awape maskini. Maneno yale aliambiwa mtu mwingine, katika nchi nyingine, karne zaidi ya mbili kabla. Antoni aliyasikia kana kwamba yamesemwa kwake, akatoka akagawa mashamba ya wazazi wake. Angengoja kwanza maelezo ya mazingira ya simulizi, huenda mashamba angekuwa nayo mpaka kufa.

Tofauti ya Antoni na yule mhubiri wa semina ni nani anayelipa. Antoni aliuchukua mstari ukamgharimu yeye mwenyewe. Mhubiri aliuchukua mstari ukamgharimu jirani yako. Mimi nikitaka kujua kama neno limenijia kweli, hutazama kwanza linaniomba nini, kwa sababu yanayoniahidi huwa nayasikia upesi mno hata nisipoyatafuta. Kijana wangu, mstari wako una sehemu inayoomba, nayo ni "lakini kwa neno lako". Simoni alikuwa fundi wa kazi ile, aliyempa agizo alikuwa amekulia kwa seremala, na nyavu zilikuwa zimekwisha kuoshwa. Anza hapo.

Mnunuzi_Kibirizi aliandika tena:

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Hilo la nani anayelipa litanisaidia kuzungumza na jirani yangu, kwa sababu amekuwa akijilaumu kwamba imani yake ilikuwa ndogo, na hakuna aliyemwambia kwamba deni lake halikutoka kwa Luka.

Lakini mwalimu, hapo penye "wakaacha vyote" umeniachia swali zito kuliko nililokuja nalo. Wale samaki hawakujichukua wenyewe. Marko 1:20 inataja kwamba Yakobo na Yohana walimwacha baba yao Zebedayo chomboni pamoja na watu wa mshahara. Mimi ni mtu wa kundi hilo. Nina watoto shuleni na vibarua wanaonitegemea, siwezi kuacha vyote, na pengine hakuna aliyeniita niache. Je, mstari wa 5 una neno kwa anayebaki na samaki?

Katekista_Ujiji alijibu:

Mzee, shikamoo. Kuhusu Antoni nimekubali.

Kaka, usimsahau Simoni wa Yohana 21. Hapo Yesu amekwisha kufufuka, naye Petro anawaambia wenzake, "Naenda kuvua samaki," na vyombo vinaonekana bado vipo. Usiku ule nao hawakupata kitu. Kwa hiyo hata aliyeacha vyote alirudi ziwani akakesha bure, na sioni popote Yesu akimkemea kwa kwenda kuvua. Kulipopambazuka waliambiwa watupe jarife, yaani wavu, upande wa kuume, wakapata samaki wakubwa 153, na safari hii mtu alikaa akawahesabu, jambo ambalo nadhani watu wa mshahara walilifurahia. Lakini angalia mstari wa 9: waliposhuka pwani walikuta moto wa makaa, samaki juu yake na mkate, kabla wa kwao hawajavutwa nchi kavu. Kisha wakaambiwa walete na wale waliowavua wenyewe.

Jumuiya yetu itasoma sura hizo mbili pamoja, Luka 5 na Yohana 21, wiki ijayo. Njoo Ujiji, na kama jirani yako atakubali, njoo naye.