Nimesahau paswedi ya admini, fundi anataka kupiga window

Mama Steshenari: Habari za jioni wakuu. Kompyuta ya dukani kwangu ni Dell ya mezani, Windows 10. Ina akaunti mbili: ya kazi, ambayo mimi na kijana wangu tunaifungua kila siku, na ya admini niliyoiweka wakati nainunua. Leo nimeleta printa mpya, kuiwekea programu yake kompyuta inadai paswedi ya admini. Nimejaribu majina ya watoto wote, wapi! Fundi jirani anasema dawa ni kupiga window, yaani kuweka Windows upya, elfu ishirini, na vitu "vinaweza kupotea". Humo kuna mitihani ya shule na daftari la madeni la Excel. Naombeni ushauri.

Kidume wa Mtaa: Ya kwako kweli? Isije ikawa umeiokota baa 😀

Mama Steshenari: Risiti ninayo mkuu. Na kompyuta ya mezani nani anaenda nayo baa?

Kimyakimya: Dada, mwambie fundi asubiri kwanza. Mitihani na madeni viko kwenye akaunti ya kazi, na hiyo inafunguka. Vinakili kwenye flashi usiku huu huu, ndipo tuongee mengine.

Kisha nenda kwenye akaunti ya admini pale pa kuingilia. Chini ya jina kuna barua pepe? Kama ipo, hiyo ni akaunti ya Microsoft, paswedi unaibadilisha kwa simu kupitia account.live.com/password/reset. Kama hakuna, andika paswedi yoyote ya uongo, ubonyeze OK. Chini patatokea "Reset password". Tangu toleo la 1803 la mwaka 2018, Windows 10 inakuwekesha maswali matatu unapofungua akaunti ya hapo hapo kwenye kompyuta. Ukiyajibu, unaweka paswedi mpya.

Bit_Tanga: Maswali yakigoma, kuna Hiren's BootCD PE, mfumo mdogo wa kuwashia kompyuta kutoka kwenye flashi, ni ya bure. Iweke kwenye flashi tupu kwa programu ya Rufus (iliyomo yote itafutwa, usitumie ile ya mitihani!), zima Dell huku umeshikilia Shift, washa ukigonga F12, chagua flashi. Ndani kuna NTPWEdit, inabadilisha paswedi za akaunti za hapo hapo. Ila angalia kwanza diski C: ikiwa na alama ya kufuli, BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski, inafanya kazi, na bila ufunguo wake wa tarakimu 48 hupiti.

Kimyakimya: Naongezea: ukibadilisha kwa njia hiyo ya nje, paswedi zilizohifadhiwa kwenye Chrome ya akaunti hiyo zinakufa. Kwako si hasara, akaunti ya kazi haiguswi.

Mama Steshenari: Nimeshanakili. Barua pepe hakuna, maswali yamekuja! Shule ya kwanza naijua, jina la utani la utotoni nalijua. La binamu mkubwa ndilo sikumbuki niliandikaje, Hamisi au Hamis.

Kidume wa Mtaa: Jaribu yote mawili, hutozwi.

Mama Steshenari: Ni Hamis! Printa inatema karatasi sasa hivi. Asanteni sana jamani.

Bit_Tanga: Safi. Ila Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025, kwa hiyo kupiga window kutakuja tu. Flashi ya mitihani usiifute.