Mama ana kisukari, miguu inawaka moto, kaandikiwa dawa ya sonona

Kitindamimba_Korogwe
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Mama yangu ana kisukari cha miaka mingi. Siku hizi nyayo zinamuwaka moto, usiku ndiyo balaa: hata shuka likigusa vidole analia. Mchana ganzi. Diklofenaki amemeza mpaka tumbo likaanza kumsumbua, wapi! Kliniki wamemwandikia amitriptilini, nusu ya kidonge cha 25 kila usiku.

Sasa shangazi, ambaye hakuna dawa asiyoijua, kasoma karatasi ya ndani ya boksi, kakuta ni ya sonona. Katangazia ukoo mzima kwamba wifi yake anapewa dawa za Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Mama kagoma: "Mimi naumwa miguu, kichwa changu kizima." Daktari kachanganya mafaili?

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Hajachanganya. Hayo ni maumivu ya mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na sukari, ndiyo maana diklofenaki haifui dafu. Tena aiache, inatishia figo, na mwenye kisukari figo zake ni za kuchunga.

Amitriptilini ilianza kutibu sonona mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikaja kuonekana inatuliza maumivu hata kwa mtu asiye na sonona kabisa. Ubongo hushusha amri kwenye uti wa mgongo kuzuia taarifa za maumivu zinazopanda. Amri hizo hupita kwa kemikali za mishipa ya fahamu, noradrenalini na serotonini, na dawa huzifanya zikae kazini muda mrefu zaidi. Mwambie shangazi asome na dozi: sonona hufika miligramu 75 hadi 150 kwa siku, maumivu huanza na 10 au 25.

Mzee_wa_Shati_Wazi
Mimi nilipewa hiyohiyo baada ya mkanda wa jeshi kuniachia maumivu ubavuni. Mwanzoni niliambulia usingizi tu, na mdomo mkavu kama alasiri ya Ramadhani. Choo nacho kikawa kigumu, mapapai yakanisaidia. Nafuu ilikuja taratibu, wiki kadhaa. Maumivu hayajaisha, mwanangu, nisikudanganye, ila sasa navaa shati na kufunga vifungo. Ameze saa mbili usiku. Akimeza saa tano, asubuhi ataamka amelewa.

Kitindamimba_Korogwe
Asanteni sana. Na je, shangazi kamnunulia tramadoli, dawa nyingine ya maumivu, duka la dawa "amsaidie wakati anasubiri". Azichanganye?

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Hapana! Zikikutana zinaweza kuleta degedege na kuzidisha serotonini mwilini. Hizo tramadoli ziwekwe pembeni mpaka daktari aambiwe. Aseme pia kama ana shida ya moyo, presha ya macho, au mkojo unaotoka kwa shida, maana hapo dawa hii huenda isimfae. Ipo duloksetini, nayo ni ya sonona na imefanyiwa utafiti mwingi kwa miguu ya kisukari, lakini bei yake ulizeni kwanza.

Akiamka usiku aketi kitandani kidogo kabla ya kusimama, kizunguzungu cha dawa hii huangusha wazee. Akitaka kuacha asikate ghafla, daktari ampunguzie. Na kopo likae juu, wajukuu wasilifikie: vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.