Hesabu za kuchagua A mpaka E zinaua akili za watoto au tunawaonea?

Mzee wa Chaki: Wadau, toka 2013 hesabu za darasa la saba zikageuzwa za kuchagua, mtoto anashedi kiduara mashine inasahihisha. Sisi tulionesha njia, na njia zilikuwa nyingi hata kama jibu moja. Huyu wa leo anafundishwa kuwinda herufi tu, hana muda wa kufikiria njia tano halafu achuje abaki na moja. Ubunifu utatoka wapi?

Mkwezi: 2012 mkuu, mi nilikuwemo. Na acha kamba, enzi zenu ukileta njia ambayo sio ya mwalimu ulikuwa unakula fimbo.

Pwani Moja: Hili sio la kwetu tu. 1950 kule Marekani mwanasaikolojia Guilford aliwalalamikia wenzake kwamba wameupuuza ubunifu wamekazania vipimo vya akili. Ndo yule wa lile swali la taja matumizi yote ya tofali unayoyajua.

Injinia Mbishi: Hapo mtu wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) atataja matumizi mia na ukuta haujasimama 😂 PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu) anajua moja tu, anajenga.

Mama Wakili: Ushaanza dharau. Ukidhulumiwa kiwanja huwa unamkimbilia PCM mwenzio? Na tofali tunalijua, si ndo handbreki ya gari lako ukipaki mlimani

Injinia Mbishi: Dada povu la nini sasa. Chombo cha anga Apollo 13, mwaka 1970, hewa chafu inajaa ndani, chujio la mraba halingii kwenye tundu la duara, waliookoa wale watu walikuwa washairi??

Pwani Moja: Mfano wako unakusuta mwenyewe. Walitumia mfuko wa plastiki, kava la kitabu cha maelekezo na gundi ya utepe, yani vitu ambavyo havikutengenezwa kwa kazi hiyo. Lile lile swali la tofali.

Injinia Mbishi: Sijajibiwa kuhusu washairi.

Mkwezi: Kaka PCM wenyewe tumejaa kijiweni tunasubiri abiria wa boda, punguza kutamba

Mzee wa Chaki: Jamani mi nimeuliza mtihani wa darasa la saba

Bi Tausi: Mzee watakuzeesha hawa. Wanagombania HKL na PCM wakati 2024 tahasusi (michepuo ya masomo ya kidato cha tano na sita) zishafika 65, binti yangu anatakiwa achague na mimi mwenyewe zinanichanganya.

Mkwezi: 65?? Kwetu PCM yenyewe mwalimu wa fizikia alikuwa wa kuazima shule ya jirani, hao wa tahasusi mpya wanatoka wapi

Mama Wakili: Muulize Injinia, si anajua kujenga.