Kina mama wanakataa watoto wao kutolewa damu ya utafiti, tufanyeje?

Kijana wa Field
Habari zenu wakuu. Nipo kwenye mradi wa utafiti wa malaria kwa watoto huku mkoa wa Tanga, kazi yangu kupita nyumba kwa nyumba kuandikisha na kuchukua ridhaa. Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kipo, halmashauri wanajua, mwenyekiti wa kijiji alituitia mkutano tukaongea kama saa moja watu wakapiga makofi wakatawanyika. Sasa ukifika nyumbani mama anakwambia baba mtoto hayupo, mwingine anamficha mtoto ndani kabisa, na maneno yanazunguka eti damu inaenda kuuzwa, yale yale ya mumiani. Bosi anasema tuongeze posho watalegea. Roho yangu inasita. Waliowahi kufanya kazi hizi naombeni msaada.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, msiguse posho kwanza. Watu wanahisi damu inauzwa halafu nyie mnapandisha dau, si ndo mmewathibitishia? Na malipo yaliyoandikwa kwenye protokali, ule mpango wa utafiti uliopitishwa, hayabadilishwi na bosi kwa mdomo, lazima yarudi kamati ya maadili.

Beba chupa tupu ya sampuli na kijiko cha chai. Kama mnachukua mililita 5 hicho ndo kijiko kimoja, mimina maji mbele ya mama, yeye mwenyewe aishike chupa. Halafu umwambie inaenda maabara gani, inapimwa nini, na IKIBAKI inafanywaje, inamwagwa, inahifadhiwa au inapanda ndege. Hapo ndo watafiti wengi wanapitisha harakaharaka na hapo ndo mama anapotaka kusikia. Na uongee na bibi wa mtoto, nyumba nyingi yeye ndo mwenye neno la mwisho.

Mkaazi wa Kilifi
Salamu kutoka huku Kenya. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wafadhili wa Uingereza Wellcome wako Kilifi tangu 1989 na fununu za damu tumezisikia sana, wengine walisema hao ni waabudu shetani. Kitu kilichosaidia ni wawakilishi wa jamii, wanachaguliwa na wanakijiji wenyewe, hawalipwi mshahara, wanakaa na watafiti wanawaambia hili watu hawatalielewa, hili mtaleta balaa. Na watu wanapelekwa maabara wajionee damu inafanywa nini. Si ati shida iliisha, kuna wakati jamii ilianza kuwaona hao wawakilishi nao ni watu wa KEMRI, kwa hivyo mkichagua wenu msichukue marafiki wa mwenyekiti.

Pia waambie habari ya chanjo ya malaria, RTS,S. Majaribio ya awamu ya mwisho kuanzia 2009 yalikuwa na watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, Kilifi ikiwemo na Korogwe hapo kwenu ikiwemo. 2021 WHO ikaipendekeza itumike. Hao ni watoto wa majirani zenu, mkitafuta mzazi mmoja aliyeshiriki akaja kuongea atasikilizwa kuliko daktari yeyote.

Mama Shamba
Mimi naongea kama mwanakijiji. Walikuja watu wa mradi mmoja kwetu wakapima watoto, wakajaza makaratasi, gari likaondoka mpaka leo hatujui walikuta nini. Mtoto wangu alikuwa na tatizo au hakuwa nalo? Sijui. Alafu mnaita mkutano asubuhi msimu wa kupalilia, wanaokuja ni wazee wa kiume, mama yuko shamba, jioni mnamgongea mlango mnataka sahihi. Kwanini asimfiche mtoto? Semeni mapema majibu mtayarudisha lini na nani atakuja kuyasoma, na mje kweli.

Kijana wa Field
Asanteni sana. Mama Shamba umenigusa, ule mkutano wetu kweli ulijaa wazee. Naenda kumwambia bosi tuanze upya na kina mama siku ya kliniki ya kupima uzito. Ila hela ya kurudisha majibu haimo kabisa kwenye bajeti, naanzia wapi?

Nesi Mstaafu
Muombe apeleke maombi ya marekebisho, aweke nauli ya wawakilishi wa jamii na siku za kurudi kijijini na majibu, wafadhili wengi siku hizi hilo wanalielewa. Wakati mnasubiri simamisheni kuandikisha, na ambaye mama yake alikubali kwa kuona haya tu mbele ya mwenyekiti mrudieni mkamuulize tena akiwa peke yake.